Nani Alichagua Kusikia

Mama aliletwa kwangu Embu, mtaa wa Majimbo, amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, mguu umenyooshwa juu ya mito. Alikuwa ameanguka kwenye migomba yake kule Kanyakine, nyonga ikavunjika, wakamtia chuma hospitalini na chuma kikashika. Daktari aliniambia waziwazi: mfupa umeunga, sasa asimame, atembee. Asipotembea mguu utakakamaa, na nyumbani kwake hatarudi tena. Nikasema moyoni, hilo dogo. Mimi mwalimu. Nimewasimamisha watoto wa kidato cha pili saa nane mchana wameshiba githeri, nitashindwa na mama mmoja?

Nilishindwa, tena vibaya.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimsogezea fremu ya kutembelea mpaka ubavuni pa kitanda. Kila jioni niliikuta palepale, imeanikwa leso na taulo. Nikambembeleza, akanyamaza. Nikamtisha, akanicheka. Kwetu tunaongea Kimeru, lakini mama akikasirika huhamia Kiswahili, nadhani ili hasira yake iwafikie na majirani. "Hii mguu imekufa," aliniambia siku moja kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kinyozi. "Maiti haifanyishwi mazoezi. Wacha kusumbua maiti."

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuwa akiulizia kwake. Mama yangu huyu, ambaye zamani akija kunitembelea alilala siku moja tu akaanza kusema ng'ombe wanamlilia, sasa hakuuliza ng'ombe, hakuuliza kahawa, hakuuliza kanisa. Jirani yake wa Kanyakine, mwanamke aliyelima naye ukingo kwa ukingo tangu wote wawili walipoolewa, ndiye aliyemkuta migombani alasiri ile na kuita watu. Alifunga safari mpaka kwangu kuja kumwona, kikapu kimejaa nduma na ndizi. Mama akageukia ukuta na kuvuta blanketi. Nikamwambia mgeni kwamba dawa zinamlaza. Mgeni si mjinga, alikunywa chai yake nusu akaaga.

"Mama, huyu si ndiye aliyekupata?" nikamuuliza, nimeona aibu mpaka masikio yanachemka.

"Alichelewa," akasema, basi.

Sasa niseme habari ya mchezo, maana bila mchezo mama angekuwa bado anaangalia ule ukuta. Jumapili baada ya kanisa na chakula cha mchana, watu watatu walikuwa na mazoea ya kuja kwangu kucheza. Mchezo wenyewe ni wa mezani, lakini hauna ubao wala bingwa. Mmoja husimulia: mko kwenye mlima fulani, kuna pango, ndani kuna zimwi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na husema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu unarusha dadu, dadu za ajabu zenye pande nyingi kuliko zile za kawaida. Mtu wako akiwa na ustadi wa jambo hilo unaongezewa alama. Kama hana, shauri yako na dadu yako.

Msimulizi wetu alikuwa mwalimu wa fizikia wa shuleni kwetu, kijana wa Kanja, mpole kiasi cha kuomba radhi akikanyagwa. Kitabu cha mchezo aliletewa na binamu yake aliyesoma ng'ambo. Wa pili alikuwa muuza nyama wa upande wa msikitini, mtu wa mjini hasa, ambaye Kiswahili chake kinanitia wivu mimi mwenye shahada ya Kiswahili. Wa tatu alikuwa msichana wa saluni, jirani yangu wa ukuta mmoja, mdomo kama cherehani. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na muuza nyama akagoma. "Nikifa," alisema, "nife kwa lugha ninayoielewa." Kwa hiyo nikakaa jioni kadhaa nikitafsiri majina ya ustadi wote, nikiyabana kwenye visanduku vidogo vya karatasi ambayo kila mchezaji angejaza.

Kila mtu alikuwa na nafasi nne tu, na hapo ndipo vita vilipoanza. Mara ya kwanza kabisa sote tulichagua upanga. Upanga, mkuki, mshale, ngumi. Tukaingia milimani tumejaa chuma, hatukukutana na adui hata mmoja, tukanywa maji ya kisima chenye sumu, tukafa. Mwalimu wa fizikia alitutangazia kifo hicho huku akisikitika kikweli.

"Poleni sana," alisema. "Lakini kundi si gunia la mapanga. Gawaneni. Mmoja ajue kupigana, sawa. Mwingine ajue kuponya. Mwingine aongee na watu vizuri, mwingine ajue mambo ya porini. Na lazima awepo mwenye kusikia."

"Kusikia?" msichana wa saluni akaruka. "Aah, hiyo ni kazi ya soja wa geti! Mimi nikae nikiskiza majani? Niandikie kushawishi na kunyatia."

Tukabishana alasiri nzima. Muuza nyama hakukubali kuachia kisu. Alisema kisu kwake si ustadi, ni dini ya pili. Mimi nilichagua lugha za kale na historia, nikijiona mwerevu, na namwambia mtu yeyote anayetaka kucheza mchezo huu: lugha za kale hazijawahi kumsaidia mtu aliyening'inia kwenye kamba. Kila tulipofika kwenye kile kisanduku cha kusikia tulikiruka. Kilionekana ustadi wa mtu asiye na kazi nyingine. "Mchagua jembe si mkulima," muuza nyama akatukatiza mwishowe, "tuanzeni safari jamani, magharibi itanikuta hapa." Tukaanza.

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa unatazama meza yetu, na niliuacha wazi ili nimwone. Hatukujua kama anatufuata. Siku hiyo, katikati ya mazungumzo ya mchawi fulani, sauti ikatoka kitandani.

"Mwari!" Hivyo ndivyo anavyoniita, binti. "Huko kuna nini? Nasikia zimwi, nasikia mchawi, nasikia kitu inarushwa inagonga meza. Kwa nyumba ya mtoto wangu? Siku ya Bwana?"

Woi. Mwalimu wa fizikia alifunika dadu kwa kiganja. Mama ni mtu wa ushirika wa akina mama, na aliwahi kutoa redio nje kwa sababu ilicheza wimbo ambao hakuuelewa. Akaitisha karatasi zetu. Nikampelekea pamoja na miwani, nikisubiri kuhubiriwa. Akazisoma kwa kidole, kisanduku kwa kisanduku, kisha kidole kikasimama.

"Hii inasema Kuokoka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna mtu amechagua."

"Hapana, mama."

Akavua miwani. "Yaani nyinyi wote, na elimu yenu yote, mnaenda kukutana na mazimwi, na hakuna hata mmoja ameokoka?"

Ngoja nieleze kosa langu. Kitabu kilikuwa na ustadi wa mtu anayejua kukaa porini asife: kuwasha moto, kupata maji, kufuata nyayo, kujua mvua inakuja. Kunusurika, kwa kifupi. Lakini kisanduku kilikuwa kidogo, kwa hiyo nikaandika Kuokoka. Muuza nyama alipolisoma hakuona shida yoyote, maana kwao basi likipinduka watu wasiokufa wameokoka. Lakini kwetu huku neno hilo kanisa lililichukua zamani na halijalirudisha. Ukisema fulani ameokoka, hakuna anayeuliza aliokoka kwenye ajali gani. Watu huuliza ameokoka lini na kama ameacha pombe.

Msichana wa saluni alicheka mpaka akashika ukuta. "Aki shosh, umetumaliza!" Mwalimu wa fizikia akajaribu kueleza kwa adabu kwamba, mama, hapa maana yake ni kujua kuishi porini. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Si ni hiyo hiyo." Akaamuru apelekwe mezani, kwa sababu kundi bila mtu aliyeokoka haliendi mahali. Muuza nyama na mwalimu wakambeba juu ya kiti chake, mmoja huku mwingine kule, naye ameshika karatasi mkononi kama bibi arusi na cheti chake.

Akabuni mtu wake: mwanamke mzee, mjane, anayetembea milimani na fimbo. Ustadi wa kwanza, Kuokoka. Wa pili, kufuga wanyama. Wa tatu, kuponya, baada ya kuhakikishiwa kwamba hauna uganga ndani yake. Wa nne akang'ang'ana na Kutisha, lakini hakulipenda neno. "Futa hiyo. Andika Kukemea." Nikaandika Kukemea. Kuhusu dadu nilidhani tungepata shida, lakini alisema kura zilipigwa hata na mitume, mradi mtu aombe kwanza. Basi kila zamu yake tulisubiri aombe.

Haki, sijawahi kuona mchezaji mgumu hivyo. Alikemea jitu kubwa kwenye daraja, dadu ikamkubalia, jitu likaomba msamaha. Jumapili nyingine aling'ang'ania kuwasha moto ili watu wapate kitu cha moto tumboni, tukamwambia mama moto utaonekana, akasema watu hawatalala njaa yeye akiwepo. Moto ukaonekana. Tuliponea chupuchupu, na muuza nyama alipoteza mkono mmoja wa karatasini. Mama akampa pole, akaongeza kwamba angalau alikula. Muuza nyama alipenda kumwamkia, "Shikamoo mama," naye mama humjibu "Mzuri sana mwanangu," kila Jumapili, na mimi mwalimu wa Kiswahili nikameza mate.

Alianza kula vizuri. Alianza kuniuliza Alhamisi kama mwalimu wa fizikia hajakohoa, asije akakosa Jumapili. Lakini kusimama, ng'o. Ilinichoma. Bibi wake wa karatasini anapanda milima na fimbo, anavuka mito, na yeye mwenyewe anasubiri nimshike nimpeleke choo. Fremu ikaendelea kukausha taulo. Daktari wa mazoezi aliniambia mguu umeanza kuwa mzito kujikunja, akanitazama kana kwamba mimi ndiye nimekataa kutembea.

Halafu ikaja Jumapili ya korongo.

Tulikuwa tumefika juu ya maporomoko ya maji, ndani ya hadithi, na kundi lilikuwa linapiga kambi. Mtu wa msichana wa saluni alikuwa ametangulia peke yake kunyatia mbele. Dadu ikamkataa. Akateleza, akaanguka korongoni, mguu ukavunjika. Mwalimu wa fizikia akamuuliza anafanya nini. "Naita!" msichana akasema. "Naita kwa nguvu zangu zote."

"Sawa. Waliobaki, rusheni dadu ya kusikia. Maji yanavuma, itakuwa ngumu."

Tukarusha. Muuza nyama, patupu. Mimi, patupu. Mama akaomba, akarusha, patupu. Hakuna aliyekuwa na nyongeza hata ya alama moja.

"Hamkusikia," mwalimu akasema. "Mnaendelea kupika."

Muuza nyama, ambaye huigiza vizuri, akaendelea kupika. Akageuza nyama ya kubuni juu ya moto wa kubuni, akatoa mzaha kuhusu mkono wake uliopotea, akacheka kwa sauti kubwa. Na mimi nikacheka.

Mama akagonga meza kwa kiganja, dadu zikaruka sakafuni.

"Wamesikia," akasema.

"Hapana mama, dadu imekataa. Maji yana kelele, kwa hiyo..."

"Wamesikia! Mtu analia hapo chini. Yeye anasikia wao wakicheka. Na wewe unaniambia wao hawasikii? Masikio ni ya upande moja?"

Nilidhani ameudhika na mchezo, nikaanza kusema mama ni hadithi tu. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama muuza nyama.

"Mimi niliwasikia," akasema. "Nililala hapo chini ya migomba tangu asubuhi mpaka alasiri. Walikuwa juu kwa barabara. Nilijua sauti ya kila mtu. Nikaita mpaka sauti ikaisha. Nikamsikia jirani yangu akisema sukari imepanda, wakacheka wote. Kucheka! Mimi nikiwa na uso kwa mchanga. Na alasiri ndio anakuja, anajifanya ndio ananiona."

Sikuwahi kujua hilo. Nilijua alianguka asubuhi na akapatikana alasiri, nilikuwa nimeyaweka maneno hayo mawili pamoja mara nyingi, nikiwasimulia watu, na sikuwahi kuuliza katikati kulikuwa na nini. Nililia palepale, sikungoja kwenda jikoni.

Muuza nyama ndiye aliyejibu. "Mama," alisema polepole, "mimi ndiye nilikuwa nikicheka hapa sasa hivi. Wallahi, mtu wangu hakumsikia huyu binti. Angemsikia angeshuka na mkono wake mmoja."

"Nani alichagua kusikia?" mama akauliza.

Tukainamia karatasi zetu, watu wazima wazima.

"Hakuna, mama," mwalimu wa fizikia akasema. "Hakuna hata mmoja wetu."

Mama naye akaitazama yake. Kuokoka, kufuga, kuponya, kukemea. Kisha akaniambia kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, ili ibaki kati yetu, "Nikisimama utanirudisha kwa wale watu. Ndiyo maana."

Kumbe. Wiki zote hizo nilidhani napigana na mguu.

Mwalimu wa fizikia hajui Kimeru chetu vizuri, lakini alikuwa bado anafikiria lile swali la masikio ya upande mmoja. Aliuliza, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, hapo barabarani kwenu kuna nini. Mama akasema kuna kinu cha posho. Akauliza kama siku ile kilikuwa kinasaga. Mama akasema ilikuwa Jumamosi, Jumamosi kila mtu anapeleka mahindi. Mwalimu akasema basi, mama, mtu aliyesimama karibu na injini hupaza sauti bila kujua, ndiyo maana aliye mbali bondeni anamsikia. Lakini yeye mwenyewe masikio yake yamejaa injini. Ile ya bondeni haimfikii.

"Hiyo ni ya vitabu," mama akasema. Akaomba arudishwe chumbani. Mchezo ukavunjika, yule binti wa karatasini akabaki korongoni.

Siku mbili hakuzungumza nami ila kuomba maji. Ya tatu, nikiwa nafunga viatu niende shule, akaita. "Ile chuma yako ya kutembelea iko wapi?"

Nikasimama na kiatu kimoja. "Unataka kufanya nini, mama?"

"Nataka kwenda kujua."

Hakutaja tena. Lakini alianza kusimama. Sitasema ilikuwa rahisi. Siku za kwanza alitoka jasho, akanitukana mimi, akakitukana kile chuma, akamwomba Mungu msamaha, akaanza upya. Kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kutoka mlangoni mpaka mezani. Msichana wa saluni akija kumsuka alimkuta amesimama dirishani na kumsuka hivyo hivyo. Jumapili moja muuza nyama alipofika akamkuta ameketi mezani tayari, hakubebwa na mtu, na yule jamaa mkubwa akageuza uso akajifanya anatafuta simu mfukoni. Alipohitimu fremu akapewa fimbo. Kisha akasema: Kanyakine, na iwe Jumamosi.

Muuza nyama akatupeleka na pikapu yake. Nilikuwa na hofu ya kweli, na hofu yangu ilikuwa hii: kwamba mwalimu wa fizikia amekosea. Kwamba tungefika, tungejua, na mama angerudi kitandani kwangu na kugeukia ukuta mpaka mwisho wake, safari hii akiwa na ushahidi.

Hatukuingia hata nyumbani. Mama alituongoza moja kwa moja kwenye migomba, akitanguliza fimbo, mpaka mahali ambapo shamba linatumbukia kuelekea kijito. Juu, nyuma ya ua na mteremko, kinu kilikuwa kinasaga.

"Hapa," akasema. "Lala."

"Mama, nimevaa nguo ya..."

"Lala. Uso chini. Nikifika juu nikae kidogo, ndio uanze kuita. Ita kama mtu anakufa."

Nikalala. Nikasikia fimbo yake ikipanda, na hatua za muuza nyama nyuma yake, na mama akimkataza asimshike. Alipanda peke yake mteremko ule. Kwa muda kulikuwa na kinu tu. Kisha kelele zikalipuka huko juu, za wanawake wakimwamkia kwa Kimeru. "Muga! Muga mono!" Wamemwona. Nikasikia mtu akipiga makofi, mtu mwingine akisema Ngai, ametembea, tazameni, ametembea. Niliitambua sauti ya jirani yake, ilikuwa imejaa kilio. Nikamsikia muuza nyama akiamkia watu. Kila neno lilinifikia pale chini.

Nikaita. "Mama!" Nikaita tena, kwa nguvu zaidi. Nikajaribu kwa jina lake. Nikapiga mayowe yale ambayo mtu hapigi mjini maisha yake yote. Juu, mama alisema kitu na wote wakacheka, na mama akacheka nao. Nilijua kinu kinavuma. Nilijua nimetumwa kuita, nyonga yangu ni nzima, naweza kuinuka wakati wowote. Na bado nikakasirika. Nikawachukia watu wawili ninaowapenda, mama na muuza nyama, kwa ule muda wote waliokuwa wakicheka, na nikaendelea kupiga kelele kwa hasira mpaka koo likawaka.

Hakuna aliyekuja.

Baadaye nikasikia fimbo ikishuka. Mama akanisimamia. Nikainua uso wenye mchanga, nikamwona anahema, uso wake umekunjamana kwa kunidharau.

"Nimengoja na kungoja," akasema. "Kwani wewe unaogopa kuchafuka? Mbona hukuita?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na sauti haikutoka. Ulitoka mkwaruzo tu.

Mama akanitazama mdomo. Akatazama juu, kule barabarani, akanitazama tena. Nikaogopa ataanguka, nikanyoosha mkono nimshike. Hakuuona. Alikuwa amekwisha geuka, anapanda mteremko haraka kuliko mguu ule ulivyoruhusiwa, akilia na kumwita jirani yake kwa jina la ubatizo. Na kwa kuwa kinu kilikuwa bado kinasaga, ilimbidi afike juu kabisa ndipo akasikika.